Ekra ni mjumbe tu: maneno niliyowaambia vijana wa sayansi hapa Goma

(Naiweka hapa yote kwa wale ambao mvua iliwazuia kufika. Picha za ukutani nimeziacha, amri nimezibakiza juu najua mutazinakili.)

Bandugu, ba dada na ba kaka, walimu wetu mulio hapa mbele, aksanti kwa kuja. Najua Jumamosi mtu ana mambo mengi, iko harusi, iko kilio, iko nguo za kufua, na bado mumekubali kuja kusikia mtu anaongea juu ya ekra nyeusi, skrini isiyoonyesha kitu.

Bon, nianze na ulizo. Nani hapa ameshakompile programu ya sayansi kwenye Linux, yaani ameijenga mwenyewe toka kodi ya chanzo, make (amri ya kujenga) ikaisha salama bila kosa hata moja, akaifungua kwa furaha, halafu hakuona kitu? Dirisha jeusi, ao dirisha tupu, ao hata dirisha lenyewe halikutokea? Nyoosheni mikono. Ehe. Munaona, hatuko wachache. Sasa mubaki na mikono juu: nani kati yenu alifikiria kwanza kwamba kadi ya picha imekufa? Mikono ile ile, karibu yote!

Basi neno langu la leo ni hilo. Ekra inatangaza shida, lakini shida yenyewe mara nyingi haikai pale. Inakaa nyuma, kwenye namna programu ilivyojengwa, kwenye maktaba inazozitafuta (kodi za pamoja zinazotumiwa na programu nyingi), kwenye driva inayoongoza kadi ya picha, kwenye kikao chako cha kazi, na mara nyingine, mutacheka, inakaa kwenye lugha ya mashini yako. Mtu anayeanza kupigana na ekra anapigana na mjumbe.

Kuna watu wataniuliza juu ya nini tunajisumbua kukompile wakati apt, chombo cha kuleta programu zilizokwisha kujengwa, iko. Iko sababu. Distribisheni imara za Linux, kama Debian, zinatoa matoleo ya zamani, wewe unataka kile kitu kilitengenezwa mwaka huu. Ao mtafiti fulani amekutumia kodi yake ya lava iko kwenye folda moja yenye README ya mistari mitatu, hakuna kifurushi popote duniani. Ao umebadilisha kodi wewe mwenyewe. Hizo ni sababu nzuri. Lakini ukikompile mwenyewe, ujue kwamba kazi ile mtengeneza vifurushi wa Debian angekufanyia sasa iko mikononi mwako, yote.

Kabla ya kitu chochote, jaribio moja. Moja tu. Ondoa dirisha. Iambie programu ichore ndani ya faili. Kama ni Matplotlib, ile ya kuchora kwa Python, weka plt.savefig na jina la faili la png mahali pa plt.show. Kama ni gnuplot, andika set terminal dumb, halafu plot sin(x), itakuchorea mstari kwa herufi za kinyota mule mule mu terminali, pale unapoandikia amri, haipendezi lakini inasema ukweli. Picha ikitoka kwenye faili na iko sawa, data yako ni nzima, hesabu ni nzima, shida ni dirisha. Picha ikitoka mbaya hata kwenye faili, acha kabisa mambo ya ekra na madriva, rudi kwenye data. Jaribio hili linachukua dakika moja na limeokoa watu wikiendi nzima. Munanisikia kule nyuma? Ondoa dirisha kwanza!

Sasa twende kwenye mambo yenyewe.

Jambo la kwanza: programu iliyojengwa bila kujua kuchora.

Dada mmoja mwanafunzi wa jiolojia alikuwa na data za mitetemeko, akakompile gnuplot toka kodi ya chanzo juu alitaka toleo jipya. Yote ikapita. Anaandika plot, hakuna kitu kinatokea. Lakini kulikuwa na mstari mmoja mdogo pale alipofungua programu, unasema Terminal type is now 'unknown'. Hakuusoma. Na ninyi hamungeusoma, tusidanganyane, mtu anayefungua programu anatafuta mahali pa kuandika, hasomi salamu.

Unknown maana yake nini? Maana yake gnuplot hii haijui njia hata moja ya kufungua dirisha. Siyo kwamba imeshindwa, hapana, haikufundishwa. Wakati wa ./configure, hatua ya kukagua mashini kabla ya make, ilitafuta vichwa (mafaili ya kujengea) vya X11, vya Qt, vya wxWidgets, zote ni maktaba za madirisha, ikakosa vyote, ikasema sawa, ikaendelea bila hivyo. Haikulia, haikusimama. Kwenye mwisho wa configure ilichapisha orodha nzuri kabisa ya terminali (kwa gnuplot maana yake ni njia za kutoa picha), terminali hii yes, hii no, hii no. Na yule dada akawa tayari ameandika make.

Ni sawa na fundi aliyepiga plasta kwenye ukuta bila kupitisha waya za umeme. Nyumba imesimama, rangi inang'aa, lakini unaweza kubadilisha balbu mpaka asubuhi.

Na sasa sikieni vizuri juu hapa njo watu wengi wanapoteana. Yule dada alikuwa na maktaba za Qt kwenye mashini! Programu zingine za Qt zilikuwa zinafunguka bila shida. Sasa kwa nini configure haikuziona? Ni kwa sababu Debian na Ubuntu wanagawa maktaba vipande viwili: kimoja cha kuendesha programu, kingine cha kujenga programu, na hiki cha pili jina lake linaisha na -dev. Kwenye Fedora linaisha na -devel. Unaweza kuwa na cha kwanza miaka yote na usiwe na cha pili. Ukitaka kujenga, unahitaji cha pili.

Python ni hivyo hivyo. Unaikompile mwenyewe bila tk-dev, kipande cha kujenga cha maktaba ya madirisha Tk, make inamaliza, na kule mwisho mwisho inasema kuna moduli za hiari ambazo vitu vyake havikupatikana, na kwenye orodha utaona _tkinter. Unapita. Siku tatu baadaye unaandika plt.show(), hakuna dirisha, unapata onyo kwamba FigureCanvasAgg is non-interactive. Unaenda kuulaumu Matplotlib, unaiondoa, unairudisha, kumbe Matplotlib ya watu haina kosa, imetafuta njia ya kufungua dirisha ikakosa, ikachagua Agg, ambayo kazi yake ni kuchora kwenye faili peke yake. Dawa ni kuweka tk-dev halafu kurudia ./configure na make. Kuweka tk-dev peke yake haitoshi, kile kilichokwisha kujengwa hakijui umenunua nini baadaye.

Octave, programu ya hesabu, nayo, configure yake inamaliza na rundo la maonyo ya maktaba zilizokosekana. Watu wanaogopa makosa mekundu lakini maonyo wanayaruka. Mimi nasema maonyo ya configure njo barua ya kwanza kusoma, kabla ya make, wakati bado una nguvu na bado kuna umeme.

Njia fupi kwa wale wa Debian na Ubuntu: kama distribisheni ina toleo la zamani la programu ile, andika sudo apt build-dep gnuplot, ao jina la programu yako, na itakuvutia karibu kila kitu cha -dev kinachohitajika. Lazima mistari ya deb-src iwe imefunguliwa kwenye vyanzo vyako vya apt, kama haijafunguliwa itakataa. Toleo jipya linaweza kutaka kitu kimoja ao viwili zaidi, lakini sehemu kubwa ya njia umeshaimaliza.

Na kwa wale wa CMake, chombo kingine cha kuandaa ujenzi: ukiisha kuongeza maktaba, futa folda ya build yote uanze upya. Faili la CMakeCache.txt linakumbuka majibu ya zamani, hasa njia za maktaba, na linakumbuka vibaya kuliko bibi mwenye deni lako. (Walicheka hapa. Mama mmoja hakucheka.)

Neno la pembeni juu ya umeme, maana najua munafikiria. Umeme ukikatika katikati ya make, usianze toka sifuri. Make inaangalia saa za mafaili, itaendelea ilipofika. Ila faili lile lililokuwa linaandikwa wakati ule linaweza kubaki nusu, ao tupu kabisa, halafu mwishoni unapata kosa la file truncated. Futa lile faili la .o lililotajwa, andika make tena. Basi.

Jambo la pili: programu inajua kuchora lakini haipati vyombo vyake.

Kaka mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa amejenga programu ya ramani yenye Qt6. Anaifungua, inakufa hapo hapo, na inaacha maneno haya, nadhani wengi munayajua kwa moyo: could not load the Qt platform plugin "xcb" in "" even though it was found. Na chini yake: Reinstalling the application may fix this problem.

Even though it was found! Imeipata plagini xcb, kipande cha Qt cha kufungua dirisha kwenye X11, lakini imeshindwa kuipakia. Unamwambia nini mtu hapo? Na shauri wanalokupa ni gani? Weka programu upya. Sasa mimi nauliza, huyu aliyeandika shauri hili anajua bei ya mega za intaneti hapa Goma? Yule kaka alifuata shauri. Alivuta kila kitu upya usiku kucha, rezo inakuja inaenda, asubuhi akapata maneno yale yale, herufi kwa herufi.

Ukipata ujumbe huo usiweke kitu upya. Andika hivi mbele ya amri yako: QT_DEBUG_PLUGINS=1, halafu jina la programu. Itatapika mistari mingi sana, usiogope, tafuta panapoandikwa cannot open shared object file. Pale kuna jina la maktaba. Kwa yule kaka jina lilikuwa libxcb-cursor.so.0. Toka Qt 6.5 maktaba hiyo ni ya lazima, na mashini nyingi hazikuwa nayo. Kifurushi chake ni libxcb-cursor0, hakifiki hata mega moja. Usiku kucha, bandugu, kwa kitu kisichofika mega moja.

Njia ingine ya kuona kitu kile kile ni ldd, amri inayoorodhesha maktaba zinazohitajika. Itafute plagini yenyewe, libqxcb.so, halafu andika ldd na njia yote ya faili hilo, ikifuatwa na | grep "not found". Ldd haina siasa, inakuambia hiki kipo, hiki hakipo. Na kama kile kinachokosekana ni maktaba uliyojenga wewe mwenyewe, iko pale /usr/local/lib unaiona kwa macho, basi jaribu sudo ldconfig kwanza, juu mfumo una orodha yake ya maktaba na hauiandiki upya mpaka uuambie.

Sasa iko ugonjwa mwingine wa familia hii, na huu ni mbaya juu unajificha. Conda, kile chombo cha kuweka Python na maktaba zake. Nani anatumia conda hapa? Wengi. Ni kitu kizuri, sikisemi vibaya. Lakini conda inabeba Qt yake, inabeba libstdc++ yake (maktaba ya msingi ya programu za C++), na folda yake inakaa mbele kwenye PATH, orodha ya mahali mfumo unatafuta programu. Ukikompile programu wakati conda imewashwa, pale mbele ya terminali imeandikwa (base), CMake inaweza kuchukua Qt ya conda kwa nusu na ya mfumo kwa nusu. Programu inazaliwa na wazazi wawili ambao hawaongei.

Na hata kama ulikompile vizuri, ukiifungua ndani ya conda unaweza kupata libGL error: failed to load driver: iris (driva ya kadi za Intel), na juu yake maneno ya GLIBCXX not found (GLIBCXX ni alama ya toleo la libstdc++). Kila mtu akiona libGL na driver anakimbilia kadi ya picha. Hapana! Someni tena. Driva ya picha ya mfumo ilijengwa na libstdc++ mpya, programu yako imeshafungua libstdc++ ya zamani iliyo ndani ya conda, na kwa hiyo driva inapokuja inakosa kitu inachohitaji, inakataa kuingia. Kadi ni nzima. Driva ni nzima. Andika conda deactivate, jaribu tena. Ikifunguka, umeshajua adui ni nani, na unaweza kuongeza libstdcxx-ng (jina la libstdc++ ndani ya conda) mpya toka ghala la conda-forge kama unataka kubaki ndani ya conda.

Jambo la tatu: kadi ya picha, ndiyo, mara nyingine ni yenyewe.

Sikatai. Hapa mjini wengi wetu tunatumia ordinateri za okazio, zile zinakuja na makontena, na zimeshafanya kazi yao huko Ulaya. ParaView za leo, programu ya kuonyesha data za 3D, zinataka OpenGL (njia ya programu kuomba kadi ichore) 3.2 kwenda juu. Kadi za Intel zilizo ndani ya prosesa za kizazi cha kwanza cha Core i, zile za 2010, kwenye Linux zinafika OpenGL 2.1 tu. Za 2011, Sandy Bridge, zinafika 3.3. Donc ordinateri mbili zinafanana kwa nje, bei moja, rangi moja, moja inafungua ParaView na ingine inakupa dirisha jeusi. Kabla ya kununua, kama muuzaji anakubali, washa Linux toka kwenye kifunguo cha USB, uweke mesa-utils, uandike glxinfo -B. Angalia mstari wa renderer (nani anachora) na mstari wa version (toleo la OpenGL). Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo, hakuna neno.

Na mstari ule wa renderer ukisema llvmpipe, maana yake kadi haifanyi kazi, prosesa inachora yenyewe kwa nguvu zake. Inafanya kazi, lakini pole pole. Mara nyingi ni driva haikuingia, ao jina lako haliko kwenye kundi la render ao video na mfumo unakukataza kugusa /dev/dri, mlango wa kadi.

Sasa jaribio la jambo hili la tatu. LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 mbele ya amri. Unaiambia Mesa, ile maktaba ya OpenGL kwenye Linux, iache kadi, ichore kwa prosesa. Kama picha iliyokuwa nyeusi sasa inatokea vizuri, hata kama inaenda kwa kuvuta mguu, shida ni kadi ao driva yake. Kama bado ni nyeusi, wacha kadi kwa amani, rudi nyuma kwenye jambo la kwanza na la pili. Na kwa ordinateri ya zamani isiyo na njia ingine, hii siyo jaribio tena, inakuwa namna ya kufanya kazi. Ni polepole lakini tasnifu itaandikwa.

Mesa hiyo, tukisema ukweli, mwanzilishi wake Brian Paul aliianza mwaka 1993 kwa wakati wake wa mapumziko, OpenGL yenyewe ilikuwa imetoka mwaka 1992 na ilikuwa mambo ya mashini za bei kali. Toleo la kwanza likatoka 1995. Leo sehemu kubwa ya picha za Linux inaegemea hapo. Nawaambia hili juu kuna kijana hapa aliniuliza wiki jana kama programu ya mtu mmoja wa wikiendi inaweza kufika mahali.

Kuna watu watawapa MESA_GL_VERSION_OVERRIDE. Inasema uongo kwa programu, kwamba kadi ni kubwa kuliko ilivyo. Mara chache uongo huo unapita. Mara nyingi programu inaamini, inaomba kitu kisichopo, inaanguka. Jaribuni mukitaka, mimi sikuwaambia.

Jambo la nne nitalipita mbio juu wakati unaenda: DISPLAY. X, mfumo wa madirisha, ilizaliwa kwenye chuo cha MIT mwaka 1984, X11 ikaja 1987, na toka siku zile programu inauliza kitu kimoja, nichore kwenye ekra gani? Jibu liko ndani ya DISPLAY. Ukikaa mbele ya mashini yako ni :0 ao :1. Ukiingia kwenye seva ya mbali kwa ssh -X, inayoleta dirisha la kule kwenye ekra yako, ssh yenyewe inaweka kitu kama localhost:10.0. Hiyo muiache! Kuna mtu aliandika export DISPLAY=:0 ndani ya .bashrc ya seva (faili la amri zinazosomwa kila unapoingia) miaka iliyopita juu ilimsaidia siku moja, akaondoka, na kila mwanafunzi aliyekuja baadaye anapata cannot open display na anafikiri seva haina X. Fungueni .bashrc muangalie. Na musifungue programu ya picha kwa sudo, ruhusa ya ekra iko kwa jina lako, root anaweza kukataliwa mlangoni. Wayland, mrithi wa X ambayo ilianza 2008, imebadilisha mambo mengi hapo, na programu za zamani za sayansi zinapita ndani ya XWayland, daraja la programu za X. Kama programu yako ya Qt ina menyu zinazotokea mbali na mahali pake ao madirisha yanayoruka, jaribu QT_QPA_PLATFORM=xcb. Basi, imetosha.

Jambo la tano, na hili nimeliweka mwisho juu ni letu sisi. Wazungu wa Marekani hawalipati.

Vijana fulani walikuwa wanapima mipaka ya lava ya volkano Nyiragongo, ile ya tarehe 17 Januari 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliyofika Buhene. Wanatembea na simu, wanachukua pointi za GPS, wanarudi, wanaweka yote kwenye faili moja la maandishi. Kazi nzuri sana. Wanaipeleka kwenye programu ya C++ ya kuonyesha pointi, walioikompile wenyewe, ina dirisha la Qt. Dirisha linafunguka. Na ndani yake kuna nini? Nukta moja.

Nukta moja! Mamia ya pointi, jasho, viatu vimeisha juu ya mawe ya lava, nukta moja. Wakasema kadi ya picha. Wakabadilisha driva. Wakasema ni Wayland. Wakarudi X11. Nukta moja. Wakapeleka faili kwenye ile programu ndogo ya terminali iliyokuja na kodi ile ile, isiyo na dirisha, nayo ikasoma namba zote vizuri, ikapiga hesabu, yote sawa. Kwa hiyo data ni nzima, si ndiyo? Na dirisha linafunguka, kwa hiyo kadi ni nzima, si ndiyo? Sasa mchawi ni nani?

Mchawi ni virgule, ule mkato.

Mashini zetu hapa tunaziweka kwa kifaransa, fr_FR. Na kwa kifaransa nusu haiandikwi na pointi (0.5), inaandikwa na virgule (0,5). Sasa programu ya C ikianza, inasoma namba kwa namna ya kawaida ya C, na pointi. Lakini Qt ikianzisha dirisha, kwenye Linux inachukua lugha ya mfumo, na toka hapo kazi kama atof na strtod, zile za C za kugeuza maandishi kuwa namba, ndani ya programu ile zinasoma namba kwa kifaransa. Zikikuta 29.22, zinasoma 29, zinafika kwenye pointi, zinasema hiki sikijui, zinasimama hapo. Hakuna kosa. Hakuna onyo.

Goma iko wapi duniani? Karibu 29.22 mashariki, na 1.68 kusini ya ikweta, inaandikwa -1.68. Buhene ni 29 na kitu, -1 na kitu. Uwanja wa ndege, 29 na kitu, -1 na kitu. Birere, Katindo, Himbi, Majengo, yote. Ukiikata ile na kitu, mji wote unakuwa 29 na -1. Nukta moja, na hata haiko Goma, iko kilometa zaidi ya 70 huko kaskazini. Programu ilikuwa inachora kwa uaminifu kabisa kile ilichosoma.

Munaelewa sasa kwa nini ile ya terminali ilikuwa sawa? Haina Qt, hakuna aliyeiambia iongee kifaransa.

Dawa: LC_NUMERIC=C mbele ya amri, maana yake namba zisomwe kwa pointi. Pointi zote zikarudi mahali pake, barabara, ziwa, mpaka wa lava, kimya kikaingia ndani ya chumba kile. Lakini angalieni, kama LC_ALL, ile ya lugha yote, imewekwa kwenye mashini yako, yenyewe inapita juu ya LC_NUMERIC, kwa hiyo LC_NUMERIC peke yake haitafanya kitu. Andika locale kwenye terminali uone. Ikiwa LC_ALL ina kitu, tumia LC_ALL=C.UTF-8. Na kama kodi ni yako, ao unaweza kuibadilisha, ongeza setlocale(LC_NUMERIC, "C") mara tu baada ya kuunda QApplication, kile kinachoanzisha Qt, na hati za Qt zenyewe zinasema hivyo. Halafu mutumie marekebisho kwa mwenye kodi, juu yeye hajawahi kuiona shida hii na hataiona, mashini yake inaongea kingereza.

Ishara zake muzikumbuke: milima iliyolala tambarare, rangi moja kwenye ramani nzima, pointi zote pamoja, mizani inayoonyesha sifuri mpaka sifuri. Dirisha ni zuri, menyu nzuri, na ndani yake upuuzi. Hapo usiguse driva.

Nimalize na kuomba msaada. Mukiniandikia, tafadhali, musinitumie picha ya ekra iliyopigwa na simu kwa kando, na kidole kikiwa kwenye kona. Nitumieni maandishi. Andikeni LC_ALL=C make 2>&1 | tee ujenzi.txt, munitumie lile faili, makosa yatakuwa kwa kingereza na mutaweza pia kuyatafuta wenyewe mukapata watu waliokutana nayo. Muongeze glxinfo -B, mustari wa echo $XDG_SESSION_TYPE (unaosema kama uko X11 ao Wayland), na majibu ya locale. Maandishi hayali mega, picha zinakula.

Maswali yalikuwa mengi, naweka moja tu juu wengi walikuwa nalo. Kaka mmoja aliuliza: mukubwa, sisi tuna seva isiyo na ekra kabisa, wala kadi ya picha, na rezo ya kufika kule ni dhaifu, ssh -X inafungua dirisha robo saa, tufanye nini?

Nikamjibu hivi. Usiache dirisha lisafiri. X11 inaongea sana, kila kitendo kidogo inaenda na kurudi, na kwenye rezo yetu kila kwenda na kurudi ni gharama. Fanya picha itengenezwe kule kule: xvfb-run mbele ya amri yako, inaunda ekra ya bandia ndani ya kumbukumbu, programu inachora inafikiri kuna mtu anaangalia. Ao kwa ParaView, kuna pvbatch, unaiandikia skripti ya Python, na ParaView iliyojengwa na OSMesa (Mesa inayochora ndani ya kumbukumbu) haihitaji X hata kidogo. Inaandika png, unaivuta kwa scp (amri ya kunakili faili kwa ssh), unaifungua nyumbani.

Akauliza, na kama umeme wa hapa ukikatika katikati ya kazi? Tumia tmux kule kwenye seva, inabakiza kikao chako kikiendelea, yenyewe haijui kwamba kwako giza limeingia.